Chujio Kwenye Friza

Nililinunua Mtaa wa Sikukuu, Jumamosi, saa nne,
jua limeshanikalia utosini kama ndoo.
Muuzaji akaniapia: "Dada, hili hata maji ya bahari
linayageuza ya chupa."
Nikamwambia, kaka, chumvi haichujwi kwa nyuzi.
Nimekulia Mbagala, kwenye kisima cha chumvi;
chai ya kwetu hukujua kama ni sukari imepungua
au ni kisima kimezidi.
Akacheka. Hapo ndipo tukaanza bei.

Sikutaka la kupendeza. Nilitaka jepesi,
la kuenea kiganjani, lenye mdomo
unaokubali chupa yoyote ya dukani,
na matundu madogo kiasi kwamba
mdudu wa kipindupindu hapati pa kupenyeza bega.
Na bomba la sindano, la kulisafishia:
nilifungua boksi nikaliona kwa macho,
maana Kariakoo boksi ni jambo moja
na kilichomo ni jambo jingine.

Miaka miwili tulitembea nalo,
sisi sita wa Jumapili, Bupe wa benki,
Nsajigwa fundi lifti, na wengine wa kuja na kuacha,
Pugu, Kisarawe, vijia vya msituni
ambako kijito kina rangi ya chai ya maziwa.
Nilitanguliza leso, nikasubiri tope litue;
chujio halipendi kulishwa udongo.
Ila mtoni Msimbazi sikulitoa mkobani hata siku moja.
Rangi ya kiwandani nayo hupita,
na kupita kwake huioni.

Nyumbani ndiko kazi huanza.
Nasukuma maji safi kinyumenyume kwa bomba,
tena, na tena,
mpaka yanayotoka hayana habari ya kusimulia.
Tone la jiki. Kisha kivulini, mdomo chini,
siku tatu; wiki nzima kama ni masika,
maana unyevu wa mji huu
huotesha ukungu hata viatu vya harusi.

Ukaja wewe, shemeji Mkude,
mgeni wa wiki moja, huu mwezi wa tatu,
mwenye mkono usiojua kutulia.
Ukaliona juu ya sahani, bado limelowa.
Ukawaza: baridi huua wadudu.
Ukalilaza kwenye friza,
kati ya samaki na barafu zangu za ukwaju za kuuza.

Asubuhi nilililikuta gumu, lina manyoya meupe.
Nikaliyeyusha. Nikalijaribu.
Maji yakapita. Yakapita vizuri!
Yakapita upesi kuliko siku ya kwanza.
Ukasema, "Unaona? Limepona."

Shemeji,
hapo ndipo nilipojua limekufa.
Maji yakiganda hutanuka,
na ndani ya uzi mwembamba kama unywele
hapana pa kutanukia.
Zimepasuka mahali jicho halifiki,
na kilichopasuka hakikatai kitu.
Chujio zima lina ubishi, linanung'unika,
linataka ukamue chupa mpaka kidole gumba kiume.
Mimi nakagua mizigo bandarini, mwaka wa kumi na moja huu;
geti linalopitisha kila gari na tabasamu
nalijua.

Sikukugombeza. Nilikaa juu ya ndoo
nikayatazama yale maji kwenye glasi,
maangavu, mazuri, yasiyo na dhamana.
Nikayamwaga kwenye mchicha.

Wanangu wamelichukua, wanalichezea uani.
Jipya mpaka mwisho wa mwezi.
Jumapili hii twende hivyohivyo:
mama yangu alichuja kwa kaniki iliyokunjwa mara nne,
akachemsha, akafunika, tukakua.
Nasi tutachemsha.
Sufuria utabeba wewe.